Tairi la nyuma lililoliwa kwa ndani

Ungesimama pembeni ya gari langu ukatazama tairi la nyuma la kushoto, ungesema liko sawa. Kashata, yale meno ya tairi, za upande wa nje zilikuwa bado ndefu, na askari wa usalama barabarani njia ya Magu walikuwa wakilipiga jicho na kuniambia nipite. Upande wa ndani, ule unaotazama uvungu, lilikuwa kipara hadi nyuzi za waya zimeanza kuchungulia. Aliyeliona ni kijana wa pancha pale Lamadi, na wala sikuwa nimemwita kwa ajili ya tairi hilo. Alikuwa amelala chini akitafuta mahali pa kuweka jeki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hebu njoo uone na huku."

Tairi lenyewe halikuwa la zamani. Yalinunuliwa mawili, mapya, mwaka uleule, na mwenzake wa kulia alikuwa anafuata njia hiyohiyo ingawa taratibu zaidi.

Gari ni RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2005, fowili, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imetumika. Mimi nauza dawa za mifugo na mbegu za mboga kwa jumla, kwa hiyo siti za nyuma mara nyingi zimelazwa na maboksi yamefika usawa wa vioo. Kuna wiki naelekea Magu, Lamadi hadi Bunda, na kuna wiki naenda Sengerema na Geita. Nyumbani ni Bugarika, mlimani hapa Mwanza, ambako wageni hupiga simu wakiwa barabarani chini kuuliza kama kweli gari linafika.

Mwanza kila mtu ni fundi wa gari la mwenzake. Muuza matairi alisema nimenunua aina ya bei rahisi, niongeze hela. Jirani yangu mwenye Hiace alilaumu mawe ya mlimani kwetu. Shemeji alilaumu mwendo wangu, ingawa yeye ndiye hukanyaga mafuta kuliko mimi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, lakini hakuna aliyenieleza kwa nini tairi liishe upande mmoja tu. Tairi lisilo na ubora huisha lote. Mawe hukata, hutoboa, huvimbisha ubavu wa tairi. Hayachagui sentimita chache za ndani yakaacha za nje.

Nikapeleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yatazame yanakotakiwa, mahali penye mashine, bango kubwa na foleni. Kijana akafunga vipimo kwenye magurudumu ya mbele, akalegeza nati za tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, akazungusha kidogo, akakaza. Haikuchukua muda. Nilipouliza habari za nyuma akanijibu bila kuinua kichwa: "Nyuma hakuna alaimenti, dada. Ni mbele tu."

Jibu hilo ni sahihi kwa magari mengi anayoyashika kila siku. Hilux na Hiace zina eksili moja nzima nyuma. Gurudumu la kulia na la kushoto yameshikana, na kwa kawaida hakuna kitu cha kuzungusha pale. RAV4 ya aina yangu haiko hivyo. Kila gurudumu la nyuma linajitegemea, limeshikiliwa na mikono kadhaa ya chuma yenye bushi za mpira kwenye ncha, na mmoja wa mikono hiyo ya chini una uzi wa kuurefusha na kuufupisha. Kiwanda kisingejisumbua kuchonga uzi kama nyuma hakuna cha kurekebisha. Lakini ukiwa mwanamke kwenye gereji, ukisema hivyo unatazamwa kama mtu aliyesoma kitu kwenye simu akaja kusumbua watu kazini.

Nilitoka pale na gari lililokuwa limenyooshwa mbele na stelingi iliyokaa upande. Barabara ya Nyerere ikiwa imenyooka kabisa kuelekea Igoma, nembo ya katikati ya usukani ilikuwa imeinamia kushoto. Nilirudi, wakanyoosha stelingi, na baada ya muda ikarudi kuwa vile vile. Sasa naelewa sababu. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari lisukumwe kuelekea wapi. La kushoto likitazama nje na la kulia likitazama mbele, mkia wa gari unataka kwenda kushoto, na dereva bila kujijua anashika usukani pembeni kidogo ili kulipinga. Gari linatembea kama mbwa anayekimbia kiunoupande, kichwa huku, makalio kule. Kunyoosha mbele kwa gari la namna hiyo ni kupima kwa rula iliyopinda.

Fundi aliyenisaidia ana gereji isiyo na bango upande wa Nyakato, nyuma ya maduka ya mabati. Ni mzee, na vijana wake wanamwita hivyo hivyo, Mzee. Nilifika asubuhi.

"Mwangaluka, Mzee."

"Mwangaluka, mwanangu. Usizime kwanza. Lirudishe nyuma hadi pale, halafu uje polepole, usiguse stelingi."

Akasimama katikati ya njia ananitazama ninavyokuja, mikono nyuma. Kisha akaamuru vijana wafungue matairi yote manne, wayalaze kwenye mstari, kila moja liandikwe kwa chaki lilikotoka na upande upi ulikuwa ndani. Nilidhani ataingia chini ya gari. Hakuligusa. "Gari litasubiri," alisema. "Tuanze na haya."

Yaliyofuata ni somo ambalo ningetamani kila anayenunua gari apewe pamoja na kadi. Alichuchumaa mbele ya kila tairi akalipapasa kwa kiganja, kwanza kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Kwenye matairi ya mbele mkono ulipita laini pande zote mbili. Kwenye lile la nyuma la kushoto, upande mmoja mkono uliteleza, upande mwingine ukakwama kwenye ncha za mpira, ncha kali kabisa. Akanishika mkono, akanipitishia. Ncha hizo, alieleza, ni alama ya too: gurudumu halitazami kule gari linakokwenda, kwa hiyo halizunguki tu, linaburuzwa pia, na kila kashata inanolewa upande mmoja.

Kemba ni kitu kingine. Hiyo ni gurudumu kulala, kichwa chake kikiingia ndani au kutoka nje ukilitazama kutoka nyuma ya gari. Kemba ikizidi kuelekea ndani, tairi hubeba uzito zaidi kwa bega la ndani na huisha pale, lakini huisha laini, bila zile ncha. Langu lilikuwa na vyote viwili: upande wa ndani umelika, na ncha zipo. Mzee alisema ndiyo sababu limekwisha haraka hivyo. Kemba pekee hula tairi polepole sana, unaweza kukaa nayo mwaka na zaidi usijue. Too ndiyo mlaji.

Aliendelea na alama nyingine, kwa sababu tairi la kulia mbele lilikuwa na mabonde madogo madogo, moja baada ya jingine kuzunguka tairi. Ukilipapasa kwa kulizungusha unayasikia kwenye vidole. Hayo si ya alaimenti. Ni ya shokapu iliyochoka: gurudumu linarukaruka badala ya kutulia, na kila likitua linamega kidogo. Wakati mwingine ni beringi au balansi. Halafu kuna upepo. Tairi lenye upepo mdogo huisha mabega yote mawili, katikati likabaki. Lenye upepo mwingi huisha katikati, mabega yakabaki. Mtu akijua alama hizi tu, anaweza kusimama mbele ya muuza matairi yeyote Mwanza akauliza maswali ya maana.

Baadaye nilikaa na kikokotoo cha simu nikitaka kujua kosa dogo la too lina nguvu kiasi gani. Gurudumu likipinda nusu digrii tu kutoka kwenye mwelekeo wa gari, jambo ambalo jicho halioni, kila kilomita moja ya safari ni sawa na kulivuta upande karibu mita 9. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 200. Ina maana ukiteremka Musoma unakunywa chai, tairi hilo limesukumwa pembeni jumla ya karibu kilomita 2, likiwa limebeba mzigo, juu ya lami yenye joto la mchana. Mpira una tabia ya kujivuta na kurudi, kwa hiyo si kila mita ni ya kusugua, lakini hesabu hiyo iliniondolea mshangao wote. Nilishangaa badala yake kwamba lilidumu.

Ndipo Mzee akaingia chini, na mimi nikaomba kuingia. Vijana wakacheka. Yeye hakucheka, alinitandikia boksi.

Aliingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na mwili wa gari upande wa kushoto, akausukuma kidogo tu. Mkono ukacheza. Mpira wa bushi ulikuwa umechanika karibu mzunguko wote na katikati kuna kipande cha chuma kinaelea. Upande wa kulia ulicheza pia, kidogo. Hapo nikaelewa jambo ambalo mashine yoyote ya alaimenti isingeniambia peke yake. Gari likisimama pale juu, tupu, limetulia, bushi iliyochanika inaweza kukaa mahali pake na namba zikasoma vizuri. Ukishaweka mzigo, ukaingia matuta ya Kisesa, ukashika breki, ule mkono unahama na gurudumu linajifungulia nje. Ukirudi kupima, limerudi mahali pake. Namba nzuri, tairi linakwisha.

Na kulikuwa na kutu. Ule mkono wenye uzi wa kurekebishia ulikuwa umeshikana na nati zake, kitu kimoja. Niliuliza kama ni unyevu wa ziwani. Mzee akakataa: maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi, na magari ya hapa hayaozi chini kwa namna ile. Mikoa ya Japani yenye theluji nyingi, Hokkaido kwa mfano, humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na magari ya huko huja na uvungu wa rangi ya kahawia hata kama juu yanang'aa. Tangu siku hiyo, ndugu akiniomba nimsaidie kuchagua gari, namwambia aombe picha za chini kabla ya picha za siti.

Kwa mikono hii ya nyuma kuna habari ambayo kila mwenye RAV4 ya miaka hiyo angepaswa kuijua. Mwaka 2012 Toyota iliziita zirudi kukaguliwa RAV4 za kuanzia 2006 hadi 2011 zilizouzwa Marekani, zaidi ya magari 700,000, kwa ajili ya sehemu hiyohiyo. Maelezo yalikuwa kwamba nati za kufungia zisipokazwa inavyotakiwa baada ya kufanya alaimenti ya nyuma, uzi huanza kucheza, kutu huingia, uzi hulika, na mkono unaweza kuachana kabisa. Fikiria hilo likitokea mteremko wa Bugarika. Kwa hiyo yule kijana aliyesema nyuma hakuna alaimenti, kwa namna fulani, alinifanyia hisani kutogusa kitu asichokijua.

Mzee alimimina mafuta ya kulegeza kutu, akaacha hadi kesho yake, akajaribu tena. Upande wa kulia ulikubali kwa shida. Wa kushoto ulikataa, na hata ungekubali uzi wenyewe ulikuwa umekwisha. Aliniambia tusipoteze muda, ninunue mikono mipya pande zote mbili pamoja na bushi zake. Hapo kuna ushauri wa mitaani nilioukwepa: kuchukua mkono wa mtumba uliotolewa kwenye gari lililokatwa. Bushi ya mtumba ina umri uleule wa ile unayoitoa, na kutu yake pia. Vipuri vingine nanunua vya mtumba bila wasiwasi, vioo, taa, hata mlango. Mpira hapana.

Kuna jambo dogo la ufungaji nilitazama kwa makini, kwa kuwa nilishaona linavyokosewa. Bolti za bushi zisikazwe hadi mwisho gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Mpira wa bushi umeshikana na chuma cha katikati. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, siku gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa muda wote, na hautadumu. Mzee alikaza kwa mkono, akashusha gari, akaweka magunia mawili ya chumvi ya mifugo kwenye buti yangu mwenyewe, ndipo akalala chini na spana kukaza mwisho. Alimaliza kwa kupitisha rangi nyeupe kwenye kila nati hadi kwenye chuma cha jirani. Nati ikigeuka hata kidogo mstari unavunjika, na unauona bila kipimo.

Kisha nikatafuta mashine ya magurudumu manne. Mwanza zipo, ila uliza kwa simu kabla ya kwenda, na uulize hivi: mnapima nyuma, na mnatoa karatasi ya kabla na baada? Wasipotoa karatasi, huna ushahidi wa chochote zaidi ya neno la mtu mwenye haraka. Karatasi yangu ya kwanza, kabla hawajagusa kitu, ilionyesha namba za nyuma kushoto kwa rangi nyekundu, too imefunguka nje karibu nusu digrii, kwa sababu mkono mpya ulikuwa umefungwa kwa kukisia urefu wa ule wa zamani. Walipomaliza, zote zilikuwa kijani. Kemba, ambayo nilidhani itanisumbua, kwa sehemu kubwa ilirudi yenyewe baada ya bushi kubadilishwa.

Mashine inasoma gari kama ilivyolikuta. Matairi yakiwa na upepo tofauti, gari linalala upande, na kila namba inapotoka. Buti likiwa limejaa au tangi likiwa karibu tupu, vilevile. Mimi hupeleka gari likiwa na mzigo mdogo wa kila siku, si tupu kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo linavyoishi. Wapo mafundi wasiokubaliana na hilo. Wanasema vipimo vya kiwanda ni vya gari tupu na tusivivuruge. Wana hoja. Lakini kiwanda hakikujua kuhusu mbegu zangu za kabichi. Ninachoangalia ni namba zibaki ndani ya mipaka ya kiwanda hata mzigo huo ukiwepo.

Upepo nao. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye gari langu kimeandikwa kwa Kijapani, lakini namba hazina lugha: 220. Hizo ni kilopaskali, na ni kama 32 kwa kipimo wanachotumia vijana wa kompresa. Vijana wa kompresa hawaulizi. Ukisema "nijazie upepo," gari lolote, dogo kubwa, wanakwenda 40 au zaidi, wanakupigia tairi teke, wanasema liko fiti. Nilinunua kipimo changu mwenyewe, kidogo cha mshale, na napima asubuhi kabla ya kutoka, kwa sababu baada ya mwendo hewa ndani ya tairi hupata joto na namba hupanda. Mtu akipima mchana pale Magu, akaona imezidi, akapunguza, kesho asubuhi ana tairi lenye upepo pungufu. Siku za mzigo mkubwa naongeza kidogo nyuma, si kwa kukisia. Vitabu vya magari mengi vina namba ya mzigo kamili, soma cha kwako.

Sasa kuhusu kuinua gari, kwa sababu ndilo jibu la kwanza unalopewa Mwanza ukilalamikia mawe. Unawekewa spesa juu ya springi, gari linapanda, unafurahi, unapita juu ya mawe bila kugusa. Hakuna anayekwambia kwamba ile mikono ya chuma imebadilisha pembe zake, kwamba kemba na too zimehama siku hiyohiyo, na kwamba unatakiwa kutoka pale moja kwa moja hadi kwenye alaimenti. Rafiki yangu mwenye Harrier aliinuliwa lake, akapita na matairi mapya ya mbele hadi yakaisha mabega ya nje. Springi iliyolala huleta kinyume chake, gurudumu linaingia kichwa ndani. Ukitaka kujua springi zako zikoje, huhitaji mashine: egesha mahali tambarare, chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ikiwa kubwa, umepata swali la kumuuliza fundi.

Langu lilikuwa chini zaidi nyuma kushoto. Kwa nini kushoto? Nimefikiria sana na nina dhana yangu. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila ninaposimama kwa mteja ni magurudumu ya kushoto yanayoshuka kwenye ukingo wa lami, na njia ya Musoma kuna sehemu ukingo huo umekatika wima. Kila ninaporudi barabarani ni hayohayo yanayopanda. Enzi za kivuko cha Kigongo, njia ya Sengerema, kulikuwa na lile bamba la chuma la kupandia, na watu wa kivuko walikuwa wanatupanga kwa kupinda, gurudumu moja linapanda kabla ya jingine, gari limejaa. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 watu walisherehekea kuokoa muda; mimi nilisherehekea pia kwa niaba ya bushi zangu. Kilomita 3 za kupita juu ya maji bila kugonga kitu.

Mlimani kwetu kuna barabara zilizojengwa kwa mawe, na kinyume na anavyosema jirani, hizo hazinisumbui. Mawe yamepangwa, unapanda kwa gia ya chini na gari linatetemeka tu. Kinachoumiza ni mfereji wa pembeni unapopishana na bajaji na kulazimika kuingiza gurudumu moja, na kona za kugeuza usukani gari likiwa limesimama, tairi likisagwa palepale. Nimejizoesha kuacha gari litembee hata kidogo ndipo nigeuze.

Gharama niseme wazi bila kuzitaja moja moja, kwa kuwa bei hubadilika: mikono miwili, bushi, kazi ya Mzee na alaimenti ya magurudumu manne, vyote pamoja havikufika bei ya matairi mawili mapya ya saizi yangu, 225/65R17. Na nilikuwa nimeambiwa ninunue manne. Kwa gari la fowili wana sababu ya kusema manne. Matairi yanayotofautiana sana kimo huifanya mitambo ya kugawa nguvu ifanye kazi isiyo yake. Nilinunua mawili ya nyuma, ya aina ileile ya yale ya mbele ambayo yalikuwa bado na kashata za kutosha, nikahakikisha tofauti ni ndogo. Dukani niliinama kusoma zile tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, maana "jipya" kwa muuzaji ni tairi ambalo halijavaliwa, hata kama limekaa juani mbele ya duka miaka. Muuzaji aliniletea pea ambayo moja lilikuwa na miaka mingi kuliko jingine. Nilikataa, akaenda stoo akarudi na jingine bila kusema neno.

Tangu hapo nayazungusha, ya nyuma yanakwenda mbele na ya mbele nyuma, kila baada ya kama kilomita 10,000. Kila yanapofunguliwa, kiganja changu kinapita juu ya kila moja kabla halijarudi, na kitambaa kinapita kwenye ile mistari ya rangi nyeupe chini ya gari. Hadi sasa haijavunjika. Vijana wa Mzee wamezoea, siku hizi boksi linatandikwa kabla sijaomba.

Kimebaki kitu kimoja. Gari bado linavuta kushoto kidogo nikiachia stelingi njia ya Magu. Alaimenti iko sawa, karatasi ninayo. Mzee anasema ni barabara: lami imejengwa na mgongo katikati ili mvua iteremke pembeni, na ukiwa upande wa kushoto gari lolote litateleza kushoto. Ananiambia nitafute kipande kitupu, niendeshe katikati ya mgongo asubuhi na mapema nione. Nimejaribu, na ni kweli linanyooka, karibu kabisa. Hiyo "karibu" ndiyo tunayobishania. Mimi nasema ni ile springi ya kushoto na nataka springi mpya za nyuma kabla ya msimu wa mvua, wakati wateja wa mbegu wanaanza kupiga simu usiku. Yeye anasema springi hizo bado zina kazi, nipunguze maboksi mawili.